Ile ‘-anga’ ya mtaani iliyonifungulia Kihispania

MAHOJIANO yalikuwa yamefika kama dakika ya 12, na hadi hapo nilijiona niko fiti kabisa. Nilikuwa nimejibu maswali kuhusu jina langu, mtaa wangu, chuo nilikosomea uongozaji wa watalii, na hata nikataja wanyama watano wakubwa bila kujikwaa. Mama wa upande ule mwingine wa skrini, Mhispania anayesimamia waongozaji katika kampuni moja ya safari, akatabasamu. Kisha akaniomba kitu ambacho sikuwa nimejiandalia: nimsimulie nilivyolelewa.

“Mi madre vendió chapatis en Kawangware,” nikaanza. “Se levantó a las cuatro de la mañana. Preparó la masa. Yo la ayudé.”

Akangoja. Mimi nami nikangoja. Halafu akauliza kwa upole: “¿Y qué pasó ese día?”

Yaani, na siku hiyo kulitokea nini?

Siku gani tena? Nilimkodolea macho. Kwa masikio yangu, nilikuwa nimemwambia kwamba marehemu mama alikuwa akiuza chapati miaka nenda miaka rudi. Kwa masikio yake, nilikuwa nimeanza hadithi ya asubuhi moja tu: kuna siku mama aliamka saa kumi, akakanda unga, akauza chapati, nami nikamsaidia. Ukianza hivyo, msikilizaji anangoja kisa. Labda kanjo walikuja wakabeba jiko. Labda mvua ilinyesha ikabomoa kibanda. Mimi sikuwa na kisa chochote. Nilibabaika, nikasema “nada”, tukaendelea na maswali mengine lakini nilijua mambo yameharibika.

Wiki iliyofuata barua pepe ikaja. Haikuwa mbaya. Ilisema Kihispania changu kinaeleweka, ila siwezi kusimulia mambo yaliyopita, na mwongozaji ni msimulizi. Nikirekebisha hilo, nirudi tuongee tena kabla ya msimu kuanza.

Kwa wasiojua, msimu ni ile miezi ya Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapokuwa Maasai Mara na wageni kumiminika. Agosti ndio mwezi ambao Wahispania wengi huchukua likizo. Kwa mwongozaji aliye na lugha moja ya ziada, miezi hiyo ndiyo inayobeba mwaka mzima. Mimi nilikuwa nikishinda kwa saiba nikichapishia watu barua za kazi, na ndugu yangu mdogo alikuwa Kidato cha Nne na deni la karo. Nilikuwa na miezi mitatu. Na kilichosimama kati yangu na kazi hiyo kilikuwa silabi moja au mbili za mwisho wa kitenzi.

Kwa nini Kihispania?

Watu wengi mtaani huniuliza hili swali, wengine kwa dharau kidogo. Ukweli ni kwamba wengi wetu tulikutana na Kihispania bila kujua. Tulilelewa na telenovela za Mexico zilizotiwa sauti za Kiingereza, jirani wote wakibanana kwa nyumba iliyokuwa na TV. Januari 2018, Michael Olunga alipofunga mabao matatu akiichezea Girona katika La Liga, tulijifunza kutamka jina la timu hiyo kabla ya kujua iko wapi kwenye ramani.

Halafu kuna hesabu. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, moja ikiwa hapa hapa Afrika: Guinea ya Ikweta. Wanaokizungumza kama lugha ya kwanza ni zaidi ya milioni 450. Ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na ofisi yao kubwa iko Gigiri, matatu mbili kutoka kwetu.

Na kwa Mswahili, matamshi yake si mlima. Irabu ni tano zile zile: a, e, i, o, u, na zinasomwa karibu kama zetu. Kuna maneno utayafahamu bila kamusi: mesa ni meza, bandera ni bendera, azúcar ni sukari. Mawili ya kwanza tuliachiwa na Wareno, ambao lugha yao ni ndugu ya Kihispania. La tatu sisi na Wahispania tulilitoa kwa Waarabu, kila mtu kwa wakati wake.

Kwa hivyo miezi ya kwanza mtu unateleza tu. Shida huanza unapotaka kusema jana.

-li- moja, milango miwili

Kiswahili chetu kina -li-, na -li- ni mvumilivu. Ukisema “Jana babu alichinja kuku”, sawa. Ukisema “Zamani babu alifuga ng’ombe”, pia sawa. Kitendo cha dakika tano na maisha ya miaka 30 vyote vinapita mlango ule ule, na msikilizaji anajua mwenyewe unamaanisha nini.

Kihispania kimeweka milango miwili. Wa kwanza unaitwa indefinido. Huu ni wa jambo lililotokea likaisha, unaweza kuliwekea nukta: vendió, aliuza, akamaliza. Wa pili unaitwa imperfecto. Huu ni wa jambo lililokuwa likiendelea, au lililokuwa likirudiwa, bila wewe kuonyesha lilianza lini wala liliisha lini: vendía, alikuwa akiuza.

Mimi nilikuwa nimeujua mlango wa kwanza pekee. Nilikuwa nimejifunza vendí, vendiste, vendió kupitia programu ya simu, nikaona basi, wakati uliopita nimeumaliza. Kila kitu katika maisha yangu kilikuwa kimetokea mara moja.

Mwalimu na kalamu nyekundu

Niliomba usaidizi kwa mwalimu mmoja anayefundisha jioni katika chumba cha kukodi mjini. Ni Mkenya, alisomea lugha chuo kikuu, na hana maringo. Alinieleza tofauti ya milango miwili kwa Kiingereza nikaitikia kwa kichwa. Akanipa sentensi kumi za kutafsiri nikakosa saba.

Akaweka karatasi chini. “Wachana na Kihispania kidogo,” akaniambia. “Niambie kuhusu mama yako vile ungemwambia beste yako kwa steji. Usiniletee Kiswahili cha insha.”

Nikasema: “Mathe alikuwa anauzanga chapati hapo karibu na steji. Alikuwa anaamkanga saa kumi. Mimi nilikuwa namsaidianga kabla niende shule.”

Akagonga meza. “Umesikia hiyo -anga? Umeitumia mara tatu. Hizo zote ni imperfecto.”

Nilicheka, kwa sababu -anga ilinifanya nipigwe na kalamu nyekundu kuanzia darasa la nne. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akiizungushia duara na kuandika pembeni: “Si sanifu.” Na kweli si sanifu. Ni Kiswahili cha Nairobi na cha magharibi, na watu wa isimu wanaijua vizuri: ni kiambishi cha mazoea cha lugha nyingi za Kibantu. Waluhya wana -anga, Wakikuyu wana -aga, na Watanzania wengi wakiongea kawaida utawasikia wakisema “naendaga”. Kiswahili sanifu kina njia yake: hu- kwa mazoea ya sasa, na “alikuwa akiuza” kwa ya zamani. Lakini mtoto wa Kawangware haanzi na “alikuwa akiuza”. Anaanza na “alikuwa anauzanga”.

Kuanzia jioni hiyo nikapata kipimo. Kabla ya kufungua mdomo kwa Kihispania, naiweka sentensi kwa lugha ya mtaani. Ikikubali -anga, au ikikubali “alikuwa aki-”, naenda imperfecto. Ikikataa, naenda indefinido. “Jana mathe alikuwa ananunuanga unga” haiingii akilini, kwa hivyo: ayer mi madre compró harina. “Kila Jumamosi mathe alikuwa ananunuanga unga” inaingia, kwa hivyo: todos los sábados mi madre compraba harina.

Si kipimo cha asilimia 100, na mitego yake nitaitaja. Lakini kilinitoa kwa shimo.

Maumbo yenyewe

Habari njema ni kwamba imperfecto ndio wakati rahisi zaidi kuunyambua katika Kihispania chote. Vitenzi vyote vya Kihispania huishia kwa -ar, -er au -ir. Unakata hizo herufi mbili, unabandika mwisho mpya. Tuchukue kitenzi changu, vender, kuuza. Kata -er, ubaki na vend-.

yo vendía – nilikuwa nikiuza
tú vendías – ulikuwa ukiuza
él, ella, usted vendía – alikuwa akiuza
nosotros vendíamos – tulikuwa tukiuza
vosotros vendíais – mlikuwa mkiuza
ellos, ellas, ustedes vendían – walikuwa wakiuza

Vya -ir vinafuata njia hiyo hiyo bila kubadilisha hata herufi: vivir, kuishi, ni vivía, vivías, vivía, vivíamos, vivíais, vivían.

Vya -ar vina -aba. Trabajar, kufanya kazi: trabajaba, trabajabas, trabajaba, trabajábamos, trabajabais, trabajaban. Mimi niliziweka -aba na -anga kichwani pamoja kama mapacha, ingawa hazina undugu wowote. Moja imetoka Kilatini, nyingine Kibantu.

Neno la vosotros hutumika Uhispania. Ukiongea na mtu wa Mexico au Colombia, “ninyi” ni ustedes, na kitenzi chake ni kile cha “wao”. Mwongozaji anafaa kuzijua zote mbili, kwa sababu gari moja linaweza kubeba familia ya Madrid na nyingine ya Bogotá.

Vitenzi vinavyokataa sheria ni vitatu tu. Ser, kuwa: era, eras, era, éramos, erais, eran. Ir, kwenda: iba, ibas, iba, íbamos, ibais, iban. Ver, kuona: veía, veías, veía, veíamos, veíais, veían. Ukishika hivyo vitatu, umemaliza. Hata vile vitenzi sumbufu vinavyogeuka tumbo wakati uliopo vinatulia hapa: quiero inakuwa quería, puedo inakuwa podía, duermo inakuwa dormía.

Jambo moja la kuangalia kwa makini ni alama ya mkazo. Kila í ya vendía na vivía lazima iwe na alama hiyo. Kwa -aba, alama inakaa kwa “sisi” pekee: trabajábamos. Ukiiacha kwa meseji za mabeste hakuna mtu atakufa. Ukiiacha kwa barua ya kuomba kazi, inaonekana.

Unaitumia wapi?

Kazi ya kwanza ni mazoea, ile tumeshaongea. Maneno kama siempre (kila wakati), todos los días (kila siku), antes (zamani) na de niña (nikiwa msichana mdogo) mara nyingi huja nayo. Mi madre se levantaba a las cuatro. Na hapo Mswahili ajichunge: las cuatro de la mañana si saa nne asubuhi, ni saa kumi za usiku. Niliwahi kumwambia mwalimu kwamba mathe alikuwa akiamka a las diez, akaniuliza kama alikuwa akiuza chapati au akilinda hoteli.

Kazi ya pili ni kutandika mandhari. Hii ndiyo roho ya kazi ya mwongozaji. Wageni wanapokuuliza mliona nini jana, huwezi kurusha matukio tu kama orodha ya sokoni. Unatandika kwanza, halafu tukio linaingia: La leona dormía debajo de un árbol cuando llegaron las hienas. Simba jike alikuwa amelala chini ya mti fisi walipofika. Kulala ndio mkeka, kufika ndio mgeni anayekanyaga mkeka. Dormía ni imperfecto, llegaron ni indefinido. Ukibadilisha ukasema durmió, kulala hakuwi mkeka tena bali tukio lililoisha, na hadithi imeharibika.

Kazi ya tatu ni hali: umri, saa, hali ya hewa, sura ya mtu, na yaliyokuwa moyoni. Tenía diez años, alikuwa na miaka kumi. Eran las seis, ilikuwa saa kumi na mbili. Hacía frío, kulikuwa na baridi. Mi madre era alta, mama alikuwa mrefu. Yo tenía miedo, nilikuwa na hofu. Kwa “kulikuwa na”, neno ni había, na halibadiliki hata vitu vikiwa elfu: había un elefante, había mil ñus.

Kazi ya nne ni adabu, na hapa watu wa Nairobi tuko nyumbani. Msee akitaka kukukopa hasemi “nataka soo mbili”. Anasema “nilikuwa nataka kukuuliza kitu”. Alikuwa anataka lini? Anataka sasa hivi, ila amelirudisha nyuma kidogo lisikugonge usoni. Mhispania hufanya vivyo hivyo: Quería preguntarle una cosa. Na pia kuna kile kisingizio cha kila siku, “aki nilikuwa nikupigie”. Kwa Kihispania: iba a llamarte. Uongo ni ule ule, kitenzi ni kile kile.

Mitego iliyonikamata

Mtego wa kwanza ni kudhani kitendo kirefu lazima kiwe imperfecto. Hapana. Ukitaja muda wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, umekiwekea ua, na kilichowekewa ua ni indefinido: Mi madre vendió chapatis durante quince años. Mama aliuza chapati kwa miaka 15. Nilipojifunza hii nilikaribia kulia kwa hasira. Ile vendió yangu ya kwenye mahojiano ingekuwa sahihi kabisa kama ningeongeza maneno matatu tu. Vivyo hivyo kwa hesabu: ukisema tres veces, mara tatu, ni indefinido.

Mtego wa pili ni “mimi” na “yeye” kufanana. Vendía ni mimi, vendía ni yeye. Kwa Kiswahili hatuna shida hiyo, ni- na a- zinakaa mbele zikipiga kelele. Kihispania hupenda kuacha viwakilishi, lakini hapa usiogope kuvirudisha: ella vendía y yo lavaba los platos. La sivyo msikilizaji hajui nani alikuwa akiosha sahani.

Mtego wa tatu unatokana na sisi wenyewe. “Alikuwa akiuza” ni maneno mawili, kwa hivyo mwanafunzi Mswahili hutafuta maneno mawili. Nimesikia watu wakisema era vendiendo. Hakuna kitu kama hicho. Kuna estaba vendiendo, lakini hiyo ni ya kitendo kilichokuwa kinaendelea wakati fulani unaouzungumzia, kwa mfano ulipopita pale kibandani. Kwa mazoea ya miaka, neno ni moja tu: vendía.

Mtego wa nne ni vitenzi vinavyobadilisha maana ukibadilisha mlango. Sabía ni nilikuwa najua, supe ni nilipata kujua, habari ilinifikia. Conocía a tu hermano, nilikuwa namfahamu ndugu yako. Conocí a tu hermano, hapo ndipo nilipokutana naye mara ya kwanza. No quería ir, sikuwa na hamu ya kwenda, na huenda nilienda hivyo hivyo. No quise ir, nilikataa kata kata. Hivi vya kuvikariri polepole, viwili viwili.

Sentensi kumi za jioni

Mwalimu alinipa zoezi moja tu la nyumbani kwa mwezi mzima. Kila jioni, sentensi kumi kuhusu mama, zote kwa imperfecto. Siku ya kwanza nilimaliza kwa dakika tano. Siku ya nne nikaishiwa. Vendía, cocinaba, trabajaba, basi. Ikabidi nianze kufikiria kwa kweli.

Alikuwa akifunga kichwa kwa leso gani? Alikuwa akiongea na wateja vipi? Aliyekosa pesa alikuwa akimwandika wapi? Nikakumbuka alikuwa na daftari ndogo ya mraba, na ya wasiolipa alikuwa akiandika kwa penseli ili ikifika mwisho wa mwezi aweze kufuta. Borraba las deudas con una goma. Nilikuwa sijafikiria hiyo daftari tangu nikiwa Kidato cha Tatu, mwaka aliofariki.

Ndugu yangu alikuwa akifanyia hesabu zake upande ule mwingine wa meza. Alikuwa na miaka kumi mama alipotuacha, kwa hivyo anakumbuka kidogo sana. Jioni moja akaniuliza naandika nini kila siku. Nikamsomea, nikimtafsiria. Akanyamaza, halafu akauliza: “Alikuwa anaimbanga?”

Nikamwambia ndiyo. Cantaba. Alikuwa anaimbanga akisukuma chapati, nyimbo za kanisa, na akisahau maneno alikuwa akiendelea kwa kuguna tu.

Siku iliyofuata akaniuliza swali lingine. Na siku iliyofuata lingine. Zoezi la sarufi likageuka kitu cha sisi wawili. Maswali yake yote yalikuwa ya -anga. Hakuuliza hata mara moja kuhusu siku aliyofariki. Alitaka kujua alivyokuwa.

Mara ya pili

Mwisho wa Mei nikarudi mbele ya skrini. Mama yule yule, tabasamu lile lile. Alikuwa ameniandikia kwamba tutaanzia pale tulipoachia.

“Cuando era niña,” nikasema, “mi madre vendía chapatis y frijoles en Kawangware. Se levantaba a las cuatro de la mañana y preparaba la masa. Yo la ayudaba antes de ir a la escuela. Mi hermano dormía. Éramos tres y vivíamos en un cuarto. Mi madre cantaba mientras trabajaba.”

Hakuuliza siku gani. Alikuwa akisikiliza tu, akiitikia kwa kichwa.

“Una mañana de agosto no se levantó.”

Hapo nikavuka mlango. Llamé a la vecina. Fuimos al hospital. Murió el martes. Nilimwita jirani, tukaenda hospitali, akafariki Jumanne. Sentensi fupi fupi, kila moja na nukta yake, kwa sababu hayo ndiyo yaliyotokea mara moja. Yale mengine yote, unga na penseli na kuguna, yalibaki upande ule usio na nukta.

Mama yule alivua miwani akaipangusa. Kisha akaniuliza kama naweza kuanza Julai tarehe moja. Nilisema naweza. Nilitaka kusema “podía”, kwa mazoea ya miezi mitatu, lakini nikajishika: puedo.

Jaribu na wewe

Kama unajifunza Kihispania, au unafikiria kuanza, usianze na majedwali. Chagua mtu mmoja unayemkumbuka vizuri. Nyanya yako, kocha wa mtaa, yule jamaa aliyekuwa akiuza smokie mkienda shule. Mweleze kwa sauti vile ungemweleza beste yako, na usiogope -anga zako. Kisha kila palipo na -anga, kata kitenzi, bandika -aba au -ía. Sentensi kumi kila jioni kwa wiki nne.

Ukiishiwa na sentensi siku ya nne, usiache. Tafuta mtu wa nyumbani akuulize maswali. Mimi ndugu yangu bado ananiuliza, hata sasa karo imelipwa na mimi niko Mara wiki tatu kwa mwezi. Juzi alinitumia meseji usiku: “Sis, mathe alikuwa anawekanga sukari ngapi kwa chai?”

Tres cucharadas, nikamjibu. Ponía tres.